Mikarafuu ya Kaliwangi

Maiti ya Msellem bin Khalfan ilikutwa Ijumaa asubuhi ndani ya ghala ya uani, nyumbani kwake Ghubra, mjini Maskati, katikati ya magunia ya karafuu.

Inspekta Nasriya alisimama mlangoni, asiingie. Ndiyo desturi yake: kwanza macho, miguu baadaye. Harufu ya karafuu ilikuwa kali hata ikamchoma koo. Chini ya rafu palikuwa na kidaraja cha saruji cha kupandia, na pembe yake ilikuwa na damu iliyokauka.

"Kateleza," alisema Sajini Ayman. "Kisogo kikagonga pembe ile. Mzee wa miaka sitini na kitu, jambo la kawaida."

"Na kutoka pale mpaka hapa?"

"Kajikokota."

"Akaenda sebuleni kuchukua mto, akarudi akaulalia?"

Ayman akainama kuutazama mto.

Maiti ilikuwa imelazwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla. Chini ya kichwa palikuwa na mto wa sebuleni, wa rangi ya zambarau, umelowa damu. Macho yalikuwa yamefumbwa. Kando yake palikuwa na gilasi tupu, imewekwa wima kwa uangalifu.

"Piga picha kila kitu," alisema Nasriya. "Gilasi ipelekwe kuchukuliwa alama za vidole. Mto pia ni kielelezo."

Daktari Fajr, bingwa wa uchunguzi wa maiti, alipiga magoti muda mrefu kabla hajasema neno. Kisha alifunua kifua cha marehemu. Palikuwa na michubuko miwili, kila mmoja mpana kama kiganja.

"Kasukumwa," alisema. "Alikuwa akinywa dawa za kulainisha damu, mtu kama huyu hata ukimshika kwa nguvu huacha alama. Amekufa jana, kati ya adhuhuri na alasiri. Nitathibitisha nikimpasua. Lakini kuna jambo nakwambia tangu sasa. Hakufa palepale. Damu imevuja kichwani polepole."

"Ameishi muda gani?"

"Saa nzima, pengine zaidi. Angefikishwa hospitali, huenda angepona."

Nasriya aliutazama tena ule mto. Mtu kamsukuma mwenzake mpaka kampasua kichwa, kisha kamtafutia mahali pa kulaza kichwa hichohicho. Mwizi hafanyi hivyo. Adui hafanyi hivyo.

*

Sebuleni walikuwako wanawake wawili, kila mmoja pembe yake, na kati yao zulia refu kama mto usio na daraja.

Hajar, binti wa marehemu kwa mke wa kwanza, alikuwa afisa wizarani. Ndiye aliyeanza kusema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichochanganyika Kiarabu, kama wanavyosema watu wote waliozaliwa Maskati katika nyumba za Kizanzibari.

"Dada Nasriya, usijisumbue sana. Nani alikuwa nyumba hii jana? Yeye. Nani kaikuta maiti? Yeye. Na shamba lote la Java liko kwa jina la nani?"

Hakumtazama aliyekuwa akimsema. Mwanamke yule alikaa mikono mapajani, mdogo wa umbo, mtandio mweupe kichwani. Jina lake Lasmi. Miaka kumi na mbili nyuma alitoka kijiji cha Kaliwangi, mlimani huko Java, akaja kumlea mama yake Msellem aliyekuwa kitandani. Bibi yule hakutaka kusemeshwa kwa lugha nyingine ila Kiswahili, basi Lasmi akakishika Kiswahili kwa bibi. Bibi alipofariki, Lasmi akarudi kwao. Baada ya miezi kadhaa Msellem, aliyekuwa amefiwa na mkewe, akamfuata huko, akamwoa mbele ya wazee wa kijiji.

Nasriya alimchukua chumba cha pili, akafunga mlango.

"Pole na msiba, Bi Lasmi."

"Nishapoa."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Soko la Sib. Nilikwenda kununua samaki."

"Samaki gani?"

"Jodari."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Jodari. Nimefungua friji, hamna samaki."

Lasmi alishusha macho. "Sikununua. Walikuwa ghali."

"Ukarudi lini?"

"Baada ya alasiri."

"Mumeo hukumwona, na usiku kucha hukumtafuta?"

"Tulikuwa tumegombana. Nilidhani kenda Qurayyat kwa kaka yake. Zamani, akikasirika, alikuwa akienda huko."

"Mligombania nini?"

"Mambo ya nyumba."

"Mambo ya nyumba, au ya shamba?"

Machozi yalimtoka bila sauti, wala hakuyafuta. Nasriya aliwahi kuona machozi ya kila namna katika kazi hii, ya kweli na ya kununua, na haya hakuyajua ayaweke fungu gani.

*

Msellem alizikwa Jumamosi, baada ya daktari kumaliza kazi yake. Ayman alihudhuria, akarudi na habari.

"Kaka yake, Mzee Shihab, aliingia kaburini mwenyewe. Umri wote ule. Alimpokea, akamlaza, kisha hakutaka kutoka. Tulimvuta kwa mikono."

"Alisema kitu?"

"Alikuwa akisema na maiti. Sikusikia nini."

Jioni Nasriya alikwenda kutoa mkono wa tanzia. Shihab alitoka ukumbi wa wanaume akaja kukaa naye barazani. Alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, mrefu, kanzu imepigwa pasi, ndevu zimechanwa. Amefanya kazi serikalini mpaka kustaafu, na watu wote walimheshimu.

"Masalkheri, Ami. Mungu akupeni subira."

"Masalkheri, mwanangu. Sote njia moja."

"Utanisamehe, lakini sina budi kuuliza. Alkhamisi ulikuwa wapi?"

"Qurayyat, shambani kwangu. Mitende ilitaka maji. N'lishinda huko."

"Na nani?"

"Peke yangu. Mfanyakazi nimempa ruhusa kwenda kwao."

"Marehemu hakuja?"

"Hakuja. Khabari nimeletewa na Hajar, kwa simu, Ijumaa."

Akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusengenya: "Mimi simsemi mtu, mwanangu. Lakini mume akishamwandikisha mke mali yote, hugeuka mgeni ndani ya nyumba yake. Na mgeni akizidi siku huchosha."

Nasriya alimshukuru. Garini, Ayman alimuuliza anaonaje.

"Namwonea huruma," alijibu. Kisha akaongeza, "Lakini kwa nini amenielekeza kwa mtu nisiyemuulizia?"

*

Jumapili majibu yalikuja mawili. Alama za gilasi zilikuwa zimepanguswa, imebaki nusu ya dole gumba isiyotosha kumtia mtu hatiani. La pili lilikuwa la teksi. Alkhamisi dereva alimchukua Lasmi mlangoni kwake, hakumpeleka Sib hata kidogo. Alimshusha mtaa wa balozi, mbele ya ubalozi wa nchi yake, akamrudisha baada ya alasiri. Mlinzi wa ubalozi alimkumbuka: alikaa kwenye kiti cha kusubiri mchana kutwa.

Nasriya alimwita kituoni.

"Umenidanganya, Bi Lasmi."

"Ndiyo."

"Ubalozini ulifuata nini?"

"Kuuliza kama mume anaweza kumlazimisha mkewe atie saini."

"Saini ya nini?"

"Ya kurudisha shamba."

"Kumrudishia nani?"

Lasmi aliomba maji, akanywa, akaanza kusema polepole, na Nasriya akamwacha aseme.

"Kijiji chetu kiko mlimani. Bondeni tunalima mpunga, kila shamba kama ngazi juu ya lenzake, na maji yanateremka kwa zamu. Juu ndiko kwenye mikarafuu. Msellem alipokuja kunioa, ilikuwa msimu wa kuchuma. Watu wameanika karafuu njiani, kwenye mikeka, mpaka mlangoni mwa msikiti. Akasimama njiani akalia kama mtoto. Nikamwuliza, unaumwa? Akasema, hii ndiyo harufu ya kwetu.

"Akataka shamba. Mwaka ule na wa kabla yake mvua zilizidi, maua yakapukutika, watu wakakosa. Wenye mikarafuu wakauza. Msellem akanunua mlima mzima, kipande kwa kipande. Kwa jina langu, maana sheria ya kwetu mgeni hamiliki shamba. Ndugu zangu wanne wakapata kazi humo, wakajenga nyumba za matofali. Tukawa watu.

"Kipande kikubwa kilikuwa cha Mbah Karto. Mbah, ndiyo kusema babu. Aliuza amtibu bintiye, na binti akafa. Basi yule mzee kila alfajiri anapanda mlimani na ufagio wake, anafagia majani chini ya mikarafuu. Hakuna aliyemwajiri. Msellem anakaa barazani anamtazama. Siku moja akaniuliza, 'Lasmi, yule anafagia nini?' Nikamwambia, 'Anafagia shamba lake.' Akasema, 'Si lake tena.' Nikamwambia, 'Miguu yake haijui.'

"Tangu siku ile hakulala vizuri. Wajukuu wa Mbah Karto wanapanda miti ya babu yao kutuchumia sisi kwa ujira, na Msellem anawahesabu kama waliomwibia usingizi. Akasema atawarudishia wote waliotuuzia, wale matunda wenyewe. Nikamwambia, na ndugu zangu watakula nini? Wewe una nyumba Maskati, sisi tuna mlima ule tu. Tukagombana. Hiyo ndiyo kweli yote."

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Ningekwambia kwamba nilitaka kumzuia, ungeniacha nirudi kukaa sebuleni?"

Nasriya alijua jibu, na hakulipenda.

"Nani mwingine alijua kuwa anarudisha?"

"Mtu hajui. Alisema lazima kwanza amwambie kaka yake."

"Kaka yake anahusika vipi?"

Lasmi alimtazama kwa mshangao. "Nusu ya mlima ni ya Ami Shihab. Walinunua pamoja. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Si na Hajar, ambaye huenda hakujua, wala na Shihab, ambaye alijua vizuri.

"Ulipomkuta mumeo," aliuliza Nasriya, "alikuwa amelazwa kibla, na mto chini ya kichwa. Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri kafa kwa raha. Kisha nikaona damu." Aliifungafunga ncha ya mtandio kidoleni. "Wewe ni askari, unajua zaidi. Lakini mtu hamlazi hivyo asiyempenda. Ni mtu wake."

*

Barabara ya Qurayyat inapita katikati ya milima mikavu, kisha ghafla unaona kijani cha mitende na bahari nyuma yake. Shamba la Shihab walilipata kwa kuuliza mara moja tu. Lilikuwa na ukuta mpya, umepakwa rangi ya mchanga, na lango la chuma. Ndani, nusu ya mitende ilikuwa imekatwa, na mahali pake palichimbwa bwawa la kuogelea lenye taa za rangi.

Kijana aliyetoka kuwapokea aliitwa Wael. "Karibuni. Mnataka kukodi siku ngapi? Wikiendi hii imejaa."

Ayman alimwonyesha kitambulisho.

"Tunamtafuta Mzee Shihab," alisema Nasriya. "Mwenye shamba."

"Mwenye shamba ni mimi. Mzee Shihab aliniuzia mwaka juzi."

"Una hakika ya mwaka?"

"Uliza idara ya ardhi. Niliona ajabu mwenyewe. Mtu amepanda mitende hii kwa mkono wake, na anauza bila kuvutana sana juu ya bei. Alisema amepata shamba jingine, nje, ambalo halina haja ya kumwagiwa. Mungu mwenyewe analimwagia."

"Amewahi kurudi hapa?"

"Hata siku moja."

Walirudi garini. Ayman alishika usukani, asiwashe gari.

"Basi Alkhamisi alikuwa akimwagia mitende ya nani?"

Nasriya alikuwa akimfikiria bibi yake mwenyewe. Amekulia katika mazungumzo yale: shamba la kule Unguja, ng'ombe wa kule, doriani za kule, na jinsi yote yalivyokwenda usiku mmoja wa mapinduzi. Wengine waliyasimulia kama hadithi, wakacheka, wakaamka wakaenda kazini. Wengine hawakutoka humo mpaka leo. Mzee Shihab amekatakata mizizi yake yote ya Omani ili apate mikarafuu, na ndugu yake akamjia na khabari ya kurudisha.

"Tafuta anapolala," alisema.

Shihab alikuwa amepanga chumba kimoja Sib, nyuma ya soko, wala Hajar hakujua. Kwa kibali cha mwendesha mashtaka walikifungua. Kilikuwa kisafi kama cha askari: kitanda, msahafu, jiko dogo la gesi. Ukutani palikuwa na picha ya mlima wa kijani wenye ukungu. Kabatini, chini ya kanzu zilizopigwa pasi, ilikuwapo moja iliyokunjwa peke yake ndani ya shali safi. Upande wa kulia wa kifua na mkono mzima ulikuwa na damu iliyokauka, mahali kichwa cha mtu kilipoegemezwa.

"Kwa nini hakuifua?" aliuliza Ayman.

"Ni damu ya nduguye," alisema Nasriya. "Ifunge vizuri."

*

Shihab hakukataa kuja kituoni. Alikaa mgongo wima, mikono juu ya meza. Nasriya alimpa tahadhari ya kisheria, akamweleza haki yake ya wakili. Mzee akatikisa kichwa kuwa hamtaki.

"Ami, nilikwenda Qurayyat."

"N'najua utakwenda."

"Shamba lina bwawa sasa."

"N'nasikia." Uso wake ulicheza kidogo. "Mtende wa tende za khalas uliokuwa karibu na kisima, wameukata?"

"Wameukata."

Akafumba macho. Nasriya akaiweka kanzu ile mezani, imefungwa ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Hii tumeitoa kabatini kwako."

Mzee aliitazama sana. Aliposema, sauti haikuwa ile ya barazani.

"Alinipigia simu Alkhamisi asubuhi, njoo tuzungumze. N'kaenda. Alikuwa ghalani, kafungua gunia ananusa. Akanambia, 'Kaka, n'narudisha mlima.' N'kadhani mzaha. Akanambia khabari ya mzee mmoja na ufagio. Mzee na ufagio! N'kamwambia, Msellem, wewe ulikuwa mtoto, hukumbuki. Mimi n'nakumbuka. N'likuwa wa miaka kumi tulipofukuzwa Dole, Unguja. Baba alitoka na kanzu aliyovaa. Mikarafuu yake, mti kwa mti alikuwa akiijua. Amekufa hapa Maskati katika chumba cha kupanga, anauliza kama imechanua."

"Na yeye akasema nini?"

"Akasema, 'Ndiyo sababu, kaka. Karto naye anauliza.' N'kamwambia, siye nani aliturudishia? Nani? Akasema, 'Hakuna. Na umeona ilivyotufanya.' Akacheka kidogo, hakunicheka mimi, alikuwa na tabia hiyo akiwa na huzuni. N'kamsukuma. Wallahi n'limsukuma tu."

"Akaanguka."

"Akaanguka. N'kachukua mto, n'kamlaza. N'kamsomea Yasini."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa akipumua."

"Ulimpa maji?"

"Aliomba."

Nasriya aliweka kalamu chini. "Aliomba kwa mdomo wake? Alisema?"

"Alisema, 'Maji, kaka.'"

"Ami Shihab. Daktari kasema ameishi saa nzima au zaidi. Hospitali iko dakika chache kutoka pale. Simu ulikuwa nayo mfukoni. Ndugu yako anasema nawe, anakuomba maji, na wewe umekaa unamsomea Yasini ya wanaokufa. Ulikuwa ukingoja nini?"

Ayman, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. Mzee alitazama mikono yake, akaigeuza, akatazama viganja.

"N'liitoa ile simu," alisema. "N'liishika. Mara mbili n'liishika."

"Mbona hukupiga?"

"Angepona, angewarudishia wenyewe."

Neno lile la mwisho lilimtoka kama la kawaida, wala hakulisikia. Nasriya alilisikia: wenyewe, yaani wenye mlima. Alimwambia Ayman aliandike kama lilivyotamkwa.

Maelezo yalisomwa, mzee akayatia saini kwa mwandiko mzuri wa kikarani. Kesi ingekuwa ya mauaji, si ya ajali, na alielezwa hivyo. Alikubali kwa kichwa. Askari alipokuja kumchukua, alisimama, akaweka kofia yake sawa, kisha akageuka.

"Mwanangu, nikuulize. Sasa ule mlima utakuwa wa nani?"

"Wa Bi Lasmi, Ami. Ulikuwa wake siku zote. Ninyi wawili hamkuwa na hata mti mmoja."

Shihab alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Askari alimshika mkono kwa upole, na mzee akamfuata.

Nasriya alichukua funguo za gari. Ghubra kulikuwa na matanga bado, na wanawake wawili walikuwa wamekaa pembe mbili za zulia moja. Ilikuwa juu yake kumwambia Hajar nani aliyemuua baba yake, na kumwambia mbele ya yule ambaye Hajar alikuwa akimshitaki.